Laki na nusu hotelini, elfu kumi darasani: uzoefu wangu wa makongamano ya masoko ya mtandaoni

Mwaka jana nililipa shilingi 150,000 kuingia kongamano la siku moja la masoko ya mtandaoni, hotelini, hapa Dar es Salaam. Naendesha kurasa za Instagram na matangazo ya kulipia ya wafanyabiashara saba, wengi wao wa Sinza na Kariakoo, na laki na nusu kwangu ni hela inayouma. Nililipa kwa moyo mmoja. Kazi hii mtu unajifunza peke yako, usiku, kwa kubahatisha na hela ya mteja, na nilikuwa na kiu ya kukaa na wenzangu wa fani.

Tangazo lilisema saa 2:30 asubuhi. Tulianza saa 4:20, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa njiani. Zikaja salamu, zikaja shukrani kwa wadhamini mmoja mmoja, kila mdhamini akapewa dakika zake. Ratiba ilikuwa na wazungumzaji 11, na muda uliopotea asubuhi ukakatwa kwao. Kwa hiyo kila aliyepanda jukwaani alieleza historia ya kampuni yake, akatuambia tuwe wabunifu, akashuka. Kutwa nzima sikuona tangazo hata moja lililofunguliwa mbele yetu na kuonyeshwa lilikula shilingi ngapi na kuleta wateja wangapi. Maswali yaliruhusiwa matatu tu. Nilinyoosha mkono mara mbili, sikupata nafasi.

Nitende haki: spika zilisikika mpaka nyuma, pilau ilikuwa nzuri na ya kutosha, na cheti nilikipata siku ileile. Kama unahitaji cheti kwa ajili ya kazi ya ofisini, hapo hukuibiwa.

Lakini kilichonifaa kilitokea kwenye meza ya chai. Nilikuwa na swali langu: gharama ya kila ujumbe unaoingia WhatsApp kwa mteja wangu wa samani ilipanda kutoka kama shilingi 1,000 hadi 1,900, na sikuona nilichobadilisha. Kijana mmoja aliyetoka Mwanza, kikombe mkono mmoja, aliomba simu yangu, akapitisha kidole kwenye seti zangu za matangazo, yaani mafungu ambayo kila moja lina bajeti yake na walengwa wake. "Dada, bajeti yako ni elfu kumi kwa siku, umeigawa mara nne, na seti zote nne zinatafuta watu walewale." Akanieleza ambacho Meta wenyewe, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, wanakisema kwenye maelekezo yao: seti moja inahitaji takribani matokeo 50 (kwangu mimi, ujumbe 50) ndani ya siku 7 ili mfumo umalize kujifunza na utulie. Za kwangu hazikuwa zinafika hata 15. Nikaziunganisha kuwa moja palepale, mada ya saa nane ikiendelea ndani. Baada ya siku kumi gharama ilirudi shilingi 1,100.

Dakika kumi na kijana yule zililipa kiingilio changu chote. Ratiba nzima ilikuwa imetenga nusu saa kwa chai.

Wiki iliyofuata nikaanza kupokea ujumbe wa bima na wa viwanja, ukiniita kwa majina matatu, sawasawa na nilivyoyajaza kwenye fomu ya kujiandikisha. Namba zetu zilikuwa zimetoka. Hili nalisema kwa uzito kwa yeyote anayeandaa shughuli kama hizi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 1, 2023, na tuna Tume ya kuisimamia. Mtu aliyekupa namba ili apate tiketi hajakupa ruhusa ya kumkabidhi kwa mdhamini. Sisi watu wa masoko ndio tunaotakiwa kulijua hilo kabla ya wengine, maana orodha za wateja ndizo zinazotulisha.

Sikurudi kongamano lile. Wenzangu wawili na mimi tukaazima darasa la kituo kimoja cha masomo ya jioni Sinza, Jumamosi saa 3 hadi saa 7 mchana. Tulitiwa moyo na jinsi mikutano mikubwa ya fani yetu ilivyoanza. BrightonSEO ya Uingereza, ambayo leo inajaza jengo la Brighton Centre, Kelvin Newman aliianza mwaka 2010 kwenye chumba cha juu cha baa. Sisi baa hatukuihitaji, tulihitaji umeme na ukuta mweupe.

Mara ya kwanza tukaweka bure. Walijiandikisha 40, wakaja 14, na maandazi yakabaki sinia mbili. Mara ya pili tukaweka elfu kumi, inalipwa kwa simu kabla ya Alhamisi, viti 25. Wakaja 24. Hela hiyo inatosha chai, maandazi, sambusa, mafuta ya jenereta, na nauli ya mgeni wetu mmoja. Ndiyo, mgeni mmoja tu. Anapewa saa nzima, na sharti ni kwamba afungue akaunti halisi, ya kwake au ya mteja aliyeridhia, iwe imefaulu au imekwama. Wawili wameshakataa sharti hilo, nasi tukawashukuru na kutafuta wengine.

Baada ya chai ndiyo sehemu ninayoipenda. Mshiriki mmoja anajitolea, simu yake inaonyeshwa ukutani, na darasa zima linamsaidia. Mara ya tatu alijitokeza mama mmoja muuza batiki, mtu mzima, aliyeletwa na binti yake. Alikuwa amebusti posti, yaani kulipia zionekane kwa watu wengi zaidi, kwa miezi mitano, kila wiki shilingi 20,000, wafuasi wanaongezeka, oda haziji. Tukaangalia. Kwenye lengo alikuwa amechagua watu watembelee ukurasa. Mahali: Tanzania nzima, wakati yeye anafikisha mzigo Dar peke yake, kwa bodaboda.

"Shikamoo mama," kijana wa nyuma akamwambia, "hapa umewaambia Instagram wakuletee watazamaji, na wamekuletea watazamaji. Ukitaka wanunuzi, chagua ujumbe."

Mama akavua miwani, akaisogelea ile picha ukutani mpaka kivuli chake kikafunika nusu ya maandishi, akasoma mwenyewe neno kwa neno. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: "Na hao wakinitumia ujumbe mchana, nami nipo kwenye rangi, mikono imelowa, nani atawajibu?" Tukakaa dakika ishirini kwenye swali hilo tu. Tukamwekea majibu ya haraka kwenye WhatsApp Business yenye bei, vipimo na siku za kupeleka mzigo, binti akakubali kushika simu saa 6 hadi saa 10, na tangazo likawekwa Dar es Salaam peke yake. Mwezi uliofuata alikuja na daftari. Kwa 20,000 ileile ya wiki ya mwisho aliuza vitambaa sita. Alitusomea kwa sauti majina ya mitaa aliyopeleka.

Kasoro zetu zipo. Darasa lina joto kuanzia saa 5. Mara ya nne mgeni alikuja na kompyuta ambayo waya wa projekta haukuingia, tukapoteza dakika 40 tukitafuta adapta ya kuviunganisha. Siku hizi ninayo mkobani. Na watu waliokwishazoea hugeuza maswali kuwa hotuba, kwa hiyo mmoja wetu anashika saa na ana idhini ya kumkata mtu yeyote, hata mimi. Vyeti hatutoi. Tumepoteza watu kwa ajili hiyo, na nawaelewa, ila sitaki mtu aje kwa ajili ya karatasi.

Ukiniuliza kuhusu makongamano makubwa, nitakwambia usiyakatae, ila kabla ya kulipa omba ratiba. Hesabu wazungumzaji, hesabu dakika za maswali, angalia mapumziko ni marefu kiasi gani, na soma fomu inasema nini kuhusu namba yako. Wakishindwa kukutumia ratiba siku tatu kabla, hela yako ibaki kwenye simu. Ukienda, nenda na swali moja lililoandikwa, na ukurasa wa matangazo yako uwe umeshafunguka kwenye simu ukiwa bado kwenye daladala, maana mtandao wa ukumbini hauaminiki.

Jumamosi ijayo mgeni wetu ni mhasibu. Atatuonyesha jinsi ya kuweka malipo tunayofanya kwa Meta na Google kwenye hesabu zetu kabla TRA, watu wa kodi, hawajatuuliza. Mama wa batiki ameshalipia viti viwili, chake na cha jirani yake anayeuza viungo.