Fosi Audio V3 sebuleni Mombasa: je, amplifaya ya transfoma istaafu?

Kwa sebule ya kawaida na spika mbili za rafu, Fosi Audio V3, amplifaya ndogo inayotumia adapta, inatosha, na lile boksi zito la analogi, yaani amplifaya ya transfoma, laweza kupisha nafasi. Ila wati 300 kwa kila spika zinazotangazwa usizibebe kama zilivyo. Chipu yake, TPA3255 ya Texas Instruments, ina nguvu kweli, lakini haiwezi kutoa kisichoingia kupitia adapta. Adapta ya volti 32 na ampea 5 ni wati 160 kwa jumla. Ya volti 48 na ampea 5 ni 240. Kwenye spika za omu 8, volti 32 zitakupa kama wati 55 kila upande kabla sauti haijaanza kukwaruza, na volti 48 zitakaribia 130, ingawa si pande zote mbili kwa mfululizo, maana adapta ina 240 tu. Chukua ya 48. Adapta feki ndiyo ugonjwa mkuu wa mashine hizi: besi ikipiga volti zinaanguka, amplifaya inazima na kuwaka, kisha chipu inasingiziwa.

Faida kubwa hapa pwani ni joto. Transista za analogi hupitisha umeme muda wote, hata muziki ukinyamaza. Amplifaya ya analogi ikila wati 40 bila kupiga chochote, saa 8 kwa siku, mwezi mmoja ni karibu yuniti 10 za tokeni. Na kaskazi likikaza, kapasita (vihifadhi umeme) zilizo karibu na hitisinki, kile chuma cha kupoza joto, hukauka mapema, ndipo mngurumo wa transfoma unapoanza kusikika kwenye spika. TPA3255 huwasha na kuzima takriban mara 450,000 kwa sekunde, kwa hiyo haipotezi umeme mwingi kuwa joto.

Sauti yenyewe ni safi, besi imebana. Kasoro iko kwenye koili za kutokea, zile ambazo sauti hupitia kwenda kwenye spika: sauti nyembamba za juu hubadilika kidogo kulingana na omu za spika, jambo ambalo analogi nzuri hailifanyi. Santuri nayo itataka kifaa chake cha kukuza sauti, maana matundu ya RCA, yale ya kuingizia sauti, pekee hayatoshi.

Uunganishaji una mtego. Waya hasi za spika mbili zisiunganishwe kamwe, wala zisiguse ardhi. Kila upande wa spika una umeme wake, na ukizikutanisha chipu hujifunga au huungua. Boksi la zamani la kubadilishia spika lenye hasi moja ya pamoja usilitumie. Nunua waya wa shaba tupu, milimita mraba 1.5 inatosha hadi mita tano. Ule wa alumini iliyopakwa shaba huliwa na hewa ya chumvi kwenye ncha.

Kwenye matengenezo, analogi bado inaongoza. Transista za 2SC5200 na 2SA1943 fundi yeyote huzilehemu kwa pasi ya kawaida, mradi azibadilishe jozi nzima, apime vipingamizi vyake na kurekebisha mkondo wa kupumzikia (umeme unaopita muziki ukinyamaza) kabla ya kufunga kifuniko. TPA3255 ina miguu 44 iliyosongamana, inataka hewa moto na mkono mtulivu. Wengi watakuambia ununue bodi nyingine. Kwa hiyo kama transfoma ya analogi yako ni nzima, badilisha kapasita kubwa za umeme kwanza, zenye volti zile zile au zaidi na za nyuzi 105, kabla ya kuiuza kwa wachuuzi wa vyuma.