Kubadilishana mbegu kwa posta: niliwapa nyota mbili, nimerudi kubadilisha

Mwezi wa nne niliwapa hawa watu nyota mbili na maneno machungu juu yake. Sasa nimerudi kuyafuta, na kwa vile sipendi mtu anayebadilisha maneno kimyakimya, wacha niseme yote vile ilienda.

Kwa wale hamjui, kuna mama mmoja Nakuru, upande wa Kiamunyi, hupanga watu wa kulima nyuma ya nyumba wabadilishane mbegu za mboga. Si duka, ni meza ya sitting room yake na katoni za viatu. Mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya mvua ndefu na Agosti kabla ya ile fupi, unatuma pakiti zako, yeye anazichanganya na za wengine, halafu anakurudishia idadi ileile lakini za watu wengine. Ndani unaweka bahasha ingine yenye ushaandika anwani yako na kubandika stempu, na unamtumia bob 150 kwa M-Pesa ya karatasi na selotepu. Basi. Mimi niko Kisumu, Mamboleo, kashamba kangu ni kama futi ishirini kwa thelathini na nusu yake kuku wamenyakua. Sanduku la posta sina, hutumia la shule yenye dada yangu anafundisha, wengine wamejiandikisha MPost, ile namba yako ya simu ndio inakuwa anwani.

Mtu ataniuliza mbona posta na matatu ziko. Pasel ya matatu ni sawa ukituma ndizi, lakini kulipia pasel juu ya vijiko vitatu vya mbegu za terere, hapana. Na mbegu ikikauka vizuri haina haraka, ata ikae njiani wiki mbili haidhuriki.

Kwanza nicheke kidogo. Round ya kwanza aliniuliza nataka nini nikajaza kila kitu: dek, chinsaga, tsisaka, managu, osuga. Bahasha ikakuja na pakiti tano na mimi hapo nafurahia mboga tano, kumbe ni mboga mbili tu. Dek ya kwetu Wajaluo ndio chinsaga ya Wakisii ndio tsisaka ya Waluhya, wengine huita saga, na osuga ndio managu. Nilimpigia nikamwambia mama umeniuza, akacheka mpaka akakohoa. Lakini ukweli hazikufanana. Chinsaga ilikuwa na shina la zambarau na dek shina la kijani, managu ya kwanza ni ile ya majani mapana inazaa matunda meusi, na hiyo ingine ikazaa tumatunda tudogo twa rangi ya machungwa. Kwa hivyo sikupoteza. Tangu hapo lebo zake zina jina kwa lugha ya mwenye kutuma, na chini yake rangi ya shina na ya tunda. Hiyo kitu pekee inashinda duka nyingi nimewahi kununua mbegu.

Sasa ile kesi ya nyota mbili. Saga. Pakiti ilifika mwisho wa Februari, nikapanda katikati ya Machi mvua ikianza, mstari mmoja wa saga na mmoja wa terere. Terere siku ya nne imeshatoka. Saga, wiki moja kimya, wiki mbili kimya, ya tatu nikaona kitu kijani nikakimbia na simu nipige picha, ilikuwa magugu. Nikakasirika, nikafikiria kuna mtu ametuma vumbi ya ghala apewe mbegu za wenyewe, na hapo ndio nikaandika yale niliandika. Ata sikumpigia kwanza, hiyo ni makosa yangu.

Yeye ndiye alinipigia. Nilikuwa nimejipanga kwa vita lakini aliuliza swali moja tu, "Dada, kwa pakiti wameandika ilivunwa lini?" Nikaangalia: Januari, mwaka huuhuu. Akasema, "Basi hizo hazijakufa, zimelala. Zilizobaki weka kwa kitu kikavu, usizitupe, utapanda mwezi wa nane." Kumbe saga ikitoka tu kuvunwa haioti, inataka kukaa miezi kama mitatu na zaidi ndio iamke, na watu wa zamani walijua hiyo maneno ndio maana nyanya yangu alikuwa anafunga mbegu kwa kitambaa juu ya jiko msimu mzima na sisi tunadhani ni ubahili. Nilikuwa nimebaki na nusu pakiti. Nikapanda Agosti, juujuu tu bila kuzika sana, na kufika wiki moja zilikuwa zimejaa kama nyasi. Imebidi ning'oe zingine nipee jirani. Leo nimekula saga ya maziwa na ugali, na nimekaa nikiandika hii na aibu kidogo.

Lakini nyota ya tano sitoi, na ndio hii sababu. Kama alijua saga inalala, hiyo kitu ingeandikwa kwa pakiti. "Usipande kabla ya Mei", maneno manne, yangeniokoa mstari mzima na mimi singemchafulia jina. Amekubali, na pakiti za Agosti nimeona ameandika, so hapo tumemalizana.

Ingine ni hesabu ya pakiti kwa pakiti. Pakiti ya kunde ni mbegu ishirini, ya terere ni mamia. Mtu mwenye anatuma terere anachukua kichwa kimoja cha mmea anakung'uta amemaliza, na mwenye kunde ameacha mboga nzima ikauke kwa shamba ndio apate hizo ishirini. Si haki sana. Nilimwambia aweke kunde na maharagwe zihesabike mbili, akasema ataanza kugombana na watu kwa simu, na nadhani pia hapo ana ukweli wake.

Penye hachezi ni usafi. Kuna mtu alituma kunde hazijakauka, zikafika na ukungu, alizitupa na akamrudishia mwenyewe bahasha na karatasi ya maelezo: uma mbegu na jino, ikiacha alama bado ina maji, ikilia kaa! iko tayari. Mbegu yenye tundu hapokei, na anakwambia uchanganye na majivu makavu. Nyanya za F1, zile za hybrid, pia hapokei, juu ukipanda mbegu ya F1 zinatoka kila moja na sura yake. Malenge anauliza kama jirani yako pia amepanda malenge, juu nyuki hawajui fensi.

Mimi nilimkosea pia. Terere yangu ya kwanza niliikunja kwa gazeti, ikamwagika yote ndani ya bahasha na ikachanganyika na mrenda. Alikaa jioni nzima na chujio. Siku hizi natumia vile vibahasha vya khaki vya chemist vya kuweka tembe, pembe zote selotepu.

Na wale huuliza kama tutashikwa. Hiyo woga ilikuwa ya ukweli, sheria ya mbegu vile ilirekebishwa 2012 ungeweza kupigwa faini mpaka milioni moja au miaka miwili ndani kwa kuuza ama kubadilishana mbegu hazijasajiliwa. Wakulima kumi na tano walienda kortini 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikasema hivyo vipengele vinavunja Katiba. Mama yangu mzazi alipeana mbegu maisha yake yote na hakuwahi kusikia kuna sheria kama hiyo, lakini vijana kwa kikundi wamepumua.

Kwa hivyo nyota nne. Ukiwa na ata mmea mmoja umeuacha ukazaa, jaribu. Ukiwa huna kitu ya kutuma bado anakubali mara ya kwanza utume stempu tu na bob 200, halafu msimu unaofuata unarudisha. Mimi Februari natuma susa, ile malenge ya kula majani, na saga yangu yenye itakuwa imelala vya kutosha, imeandikwa mwezi.

Natafuta mito, ile mboga ya kienyeji, si ile tamu ya majani ya kijani kung'aa, ile chungu. Nimeiomba round mbili na nimeikosa zote. Kama uko Siaya ama Vihiga na unayo, acha mbili tatu zikauke.