Vipozeo vikubwa vya prosesa: kipi ununue kwanza

Anza na rula. Fungua ubavu wa kasha la kompyuta, pima kutoka juu ya prosesa hadi pale kifuniko kinapofika, kisha pima kimo cha RAM (vijiti vya kumbukumbu), maana feni ya mbele ya kipozeo kikubwa hukaa juu yake. Wengi hupenda jina kwanza, kasha likakataa kufunga.

1. Thermalright Peerless Assassin 120 SE. Minara miwili ya mapezi ya metali, mirija sita ya joto, feni mbili za milimita 120, kimo cha milimita 155. Huingia kwenye makasha mengi ya kawaida na bei yake huwa chini sana kuliko ya wakubwa wanaofuata hapa, ilhali tofauti ya joto ni ndogo. Kwa watumiaji wengi, safari ya kutafuta iishie hapa.

2. Noctua NH-D15. Ina feni za milimita 140, ni tulivu, na vifaa vyake vya kufungia havikupi shida. Lakini ina kimo cha milimita 165 na uzito wa kilo 1.32, na kwa feni zote mbili RAM isizidi milimita 32. Ukiondoa feni ya mbele unapata hadi 64. Ukiipandisha feni hiyo ili ipite juu ya RAM, kimo cha jumla nacho kinapanda, pima tena.

3. be quiet! Dark Rock Pro 4. Nyeusi, kimya, kimo cha milimita 162.8. Kufunga ndiko kunakochosha: unatoa feni ya katikati, unapitisha bisibisi ndefu kwenye matundu ya juu huku skrubu huzioni vizuri. Naiweka ya tatu kwa hilo tu.

4. Mnara mmoja wenye feni moja. Prosesa ya wati 65 haidai zaidi.

Hakikisha kifurushi kina vyuma vya kufungia vya soketi yako (sehemu ya mazabodi, yaani bodi kuu, inayoshika prosesa): kwa soketi za Intel, vya LGA1200 haviingii moja kwa moja kwenye LGA1700.

Kazi ya hatari zaidi ni kutoa kipozeo cha zamani kwenye AM4, soketi ya AMD. Prosesa zake zina pini, na pesti (ile inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo kupitisha joto) iliyokauka huweza kuing'oa prosesa ingali imefungwa. Ipe kompyuta kazi nzito dakika chache ipate joto, zima, chomoa umeme, kisha kizungushe kipozeo kidogo kushoto na kulia mpaka kiachie ndipo ukiinue. Usikivute juu moja kwa moja.

Kwenye kipya, bandua plastiki ya chini (husahaulika mno!), weka pesti kiasi cha punje ya njegere, kaza skrubu kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, na waya wa feni uuchomeke penye maandishi CPU_FAN. Ukisafirisha kompyuta kwa gari, ilaze ubavu, mazabodi ikiwa chini, ili mnara usimame badala ya kuning'inia.