Uzoefu wangu na fonti za Noto kwenye michoro ya CAD yenye Kichina na Kiarabu

Mchoro wa mashine niliotumiwa ulikuwa na matundu mawili ya bomba yaliyokaa bega kwa bega, na kila tundu lilikuwa na maandishi pembeni. Kwenye kompyuta yangu maandishi yote mawili yalisomeka hivyo hivyo: ??. Baadaye ndipo nilipojua kwamba la kwanza lilikuwa 进水, yaani maji yanapoingia, na la pili 出水, maji yanapotoka. Fundi bomba alikuwa ananisubiri nimwambie lipi ni lipi, na mimi sikuwa na jibu.

Nimechora kwa CAD, yaani programu za kuchorea michoro ya kiufundi kwenye kompyuta, kwa miaka kadhaa na sikuwa nimewahi kuumizwa kichwa na fonti. Kiswahili hakina herufi zenye vikofia wala nukta za ziada, kwa hiyo fonti yoyote inakitosha. Mashine za viwandani lakini huja na michoro ya kwao, na Kichina, Kirusi au Kiarabu kikiingia kwenye faili ya DWG, ile ya michoro ya AutoCAD, mambo yanabadilika. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikitumia fonti za Noto za Google kusomea na kuandikia michoro ya aina hiyo, nami naeleza hapa zinakofaa na zinakokwama.

Kwanza kabisa, kabla ya kusakinisha kitu chochote, bofya maandishi yaliyoharibika kisha ufungue dirisha la sifa zake. Dirisha hilo linatumia fonti ya kompyuta yenyewe, si ile ya mchoro. Ukiona humo 进水 imeandikwa vizuri ilhali kwenye mchoro kuna ??, basi maandishi yako salama, kinachokosekana ni fonti tu. Ukiona herufi za Kilatini zilizovurugika, zenye vikofia na alama za ajabu, faili imesomwa kwa usimbaji (namna herufi zinavyogeuzwa kuwa namba) usio wake. Na kama humo nako kuna alama za kuuliza, maandishi yalikwisha kupotea kabla hayajakufikia, hapo omba nakala nyingine. Mimi nilikesha usiku mzima nikibadilisha fonti moja baada ya nyingine, kumbe faili mojawapo ilikuwa na tatizo hilo la pili, na hakuna fonti duniani ambayo ingeiponya.

Faili yangu ya mashine, ile ya mabomba, ilikuwa salama. Programu ilikuwa imenionya wakati wa kuifungua kwamba hztxt.shx haipo, nami nikabofya kupuuza kama nilivyozoea. Faili za SHX ni fonti za zamani za CAD, zilizotengenezwa enzi za plota za kalamu, yaani mashine zilizochora kwa kalamu juu ya karatasi: kila herufi ni mstari mmoja ambao kalamu inaufuata. Kichina kina maelfu ya herufi, hivyo kiliwekewa SHX za pekee zinazoitwa Big Font, na mtindo mmoja wa maandishi hubeba fonti mbili kwa pamoja, ndogo ya Kilatini na kubwa ya Kichina. Ile kubwa isipokuwepo, programu hujaza pengo kwa fonti ya akiba, mara nyingi simplex.shx, ambayo haina hata herufi moja ya Kichina. Ndipo ?? zinapotokea. SHX haiingii ndani ya DWG, lazima itumwe pembeni, na aliyenitumia hakuituma.

Dawa ya haraka niliyoipata ni gbcbig.shx, ambayo huja na AutoCAD na baadhi ya programu nyingine zinazofungua DWG. Programu ikikuuliza uweke nini badala ya hztxt, mpe hiyo. Ukichoka kuulizwa kila siku, kuna faili ya acad.fmp ambamo unaandika mstari mmoja, hztxt.shx;gbcbig.shx, na ubadilishaji unafanyika wenyewe. Kwa kusoma tu inatosha. Ila mimi nilihitaji kuhariri, kuongeza Kiswahili chini ya Kichina, kisha kutoa PDF ambayo mtu anaweza kutafuta neno ndani yake. SHX kwenye PDF huwa mistari tu, huwezi kuitafuta kama maandishi ya kawaida. Hapo ndipo nilipohamia Noto.

Jina Noto limetokana na “no tofu”, yaani hakuna tofu, na tofu ni jina ambalo watu wa fonti huviita vile viboksi vitupu vinavyotokea herufi inapokosekana. Lengo lake ni kusiwe na tofu kwenye lugha yoyote, na zinapakuliwa bila malipo. Usitegemee faili moja yenye kila kitu, kwani fonti moja haiwezi kubeba zaidi ya maumbo 65,535, na ile ya Kichina, Kijapani na Kikorea kwa pamoja inaujaza ukomo huo peke yake. Unachukua ya lugha unayoihitaji. Na uchague kwa makini: Kichina na Kijapani hutumia namba ileile ya Unicode (orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake) kwa herufi nyingi, lakini umbo linaweza kutofautiana kidogo. Mchoro wa Kichina ukiuvalisha fonti ya Kijapani utasomeka, ila Mchina ataona kuna herufi zimekaa vibaya. Kwa Kichina rahisi tafuta yenye SC mwishoni mwa jina.

Kikwazo cha kwanza kilinipotezea nusu siku. Nilipakua faili za OTF, aina mojawapo ya faili za fonti, nikasakinisha, nikazijaribu kwenye programu ya kuandikia barua zikaonekana vizuri, lakini kwenye orodha ya fonti za CAD hazikuwemo. Programu nyingi za CAD hupokea TrueType tu, na OTF yenye muundo wa PostScript hazitaki kuiona. Nilipopakua toleo la TTF, yaani TrueType, na kuifungua programu upya, jina likatokea mara moja.

Likatokea mara mbili kwa kweli, moja likiwa na alama ya @ mbele. Usichague hilo la @. Ni kwa ajili ya maandishi ya kushuka wima, na ukilitumia kwenye mstari wa kawaida kila herufi inalala ubavu.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi. Nilifungua amri ya STYLE, nikaondoa tiki ya Big Font, nikachagua Noto Sans SC, na maandishi yote ya mtindo ule yakabadilika kwa pamoja. Niliziona 进水 na 出水 zikitokea pale zilipokuwa ??, nikashusha pumzi. Si yote yaliyokubali, lakini. Maandishi ya Mtext, yaani ya aya yenye mistari mingi, yanaweza kuficha jina la fonti ndani yake yenyewe, na hayo hayasikilizi mtindo mpaka uyafute uumbizaji wa ndani. Pia Noto ni pana kuliko hztxt, kwa hiyo maneno yalipanda juu ya mistari ya vipimo. Nilishusha upana hadi 0.7 yakatulia.

Kwenye Kiarabu ndipo fonti hizi ziliponifurahisha zaidi. Herufi nyingi za Kiarabu zina sura ya mwanzo, ya kati, ya mwisho na ya kusimama peke yake, na SHX haijui hilo. Inaweka umbo moja moja, herufi zinasimama mbalimbali kama watu wasiojuana, na neno linakosa maana. Nilipoweka Noto Naskh Arabic ndani ya Mtext, herufi zikashikana na kutoka kulia kwenda kushoto kama inavyotakiwa.

Ile faili iliyovurugika ilikuwa DXF (aina ya faili ya kubadilishana michoro kati ya programu) ya zamani, na Noto haikuhusika kuiponya. DXF tangu toleo la 2007 huandikwa kwa UTF-8, usimbaji wa Unicode, za kabla ya hapo hutegemea ukurasa wa msimbo unaotajwa mwanzoni mwa faili, kwenye $DWGCODEPAGE. Yangu ilidai ni ANSI_1252, ya Ulaya Magharibi, ilhali ndani mlikuwa na Kichina. Nilitengeneza nakala, nikaandika ANSI_936 mahali pale, Kichina kikarudi. Fanya hivyo kwenye nakala tu, na kwa kihariri ambacho hakigeuzi usimbaji wakati wa kuhifadhi, la sivyo utaua hata kilichobaki.

Sijazitupa SHX. Kwa kazi ya kuchonga kibao kwa leza au mashine ya kuchimbia herufi, TrueType inakupa mzingo wa herufi, na mashine inazunguka pembezoni badala ya kupita mstari mmoja. Hapo SHX bado ni bora zaidi.

Na kuna mahali Noto inashindwa kabisa: michoro ya zege kutoka China. Alama za madaraja ya nondo humo huandikwa kwa misimbo inayoanza na %%, na maumbo yake yamo ndani ya SHX maalumu tu. Nilipoweka Noto, maelezo yote yalisomeka vizuri isipokuwa alama hizo, na nondo ni kitu ambacho huwezi kukisia. Kwa mchoro wa namna hiyo sibadilishi fonti. Namwandikia aliyeuchora, namtajia jina la kila SHX iliyokosekana kama programu ilivyoiorodhesha, na nasubiri anitumie.