Cobra au Seven: gari lipi ujenge nyumbani Nairobi?

Nakala ya AC Cobra, gari la michezo la 1962, inavutia macho kwanza: bodi ya faibaglasi yenye mabega mapana, na injini ya V8 (ya silinda nane) inayonguruma. Lakini hiyo V8 ndiyo kazi. Vipuri vyake mara nyingi huagizwa nje, na inakunywa petroli bila huruma.

Lotus Seven ya 1957, ambayo kampuni ya Caterham imeiendeleza tangu 1973, ni fremu ya mabomba na mabati ya alumini. Ina uzito wa kilo mia tano hivi, kwa hiyo injini ndogo ya Toyota inaitosha kabisa, na ya mtumba utaipata Kirinyaga Road. Bodi yake haina mikunjo mingi. Kipande kikivunjika, fundi mzuri wa jua kali anakunja kingine.

Zote mbili ziko chini mno kwa matuta yetu, na mvua ya Aprili haina urafiki na gari lisilo na paa.

Kwa maegesho ya nyumba ya kawaida, mimi nachagua Seven. Cobra ni ya mwenye gereji pana na winchi ya kunyanyulia injini.