Nilikwenda kwa staa, nikarudi na "na wengineo"

Kwenye bango, uso wa staa ulichukua robo tatu ya karatasi. Chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa zile za tarehe ya kuisha dawa, waliandika: "akisindikizwa na wakali kibao na wengineo". Hao wengineo ndio ninaowaandikia hapa.

Staa ni wa binti yangu, si wangu. Mimi nauza vipuri vya pikipiki, na kabla ya vipuri nilipiga besi miaka kumi na moja kwenye bendi ambazo nyingi zilikufa siku mwenye vyombo alipoamua kuuza vyombo vyake. Jumamosi nilikwenda kama mlinzi. Mama yake aligoma mtoto asirudi na bodaboda saa tisa za usiku, basi nikatoa elfu arobaini za tiketi mbili za kawaida, nikavaa raba, tukaondoka. VIP ilikuwa elfu hamsini kwa kichwa. Walichotuzidi ni viti vya plastiki vilivyovalishwa kitambaa cheupe.

Bango lilisema saa moja jioni. Tulifika saa moja na robo, na getini wakatuangalia kama watu waliokuja kufagia. Ndani tulikuwa hatufiki hamsini. Soda elfu tatu, mshikaki mmoja elfu moja na mia tano, na mishikaki ile sina neno nayo: nyama laini, pilipili ya kukaanga, ndimu hajabania. Choo cha wanaume hakikuwa na maji tangu tunaingia. Cha wanawake, binti anasema yalikuwepo hadi saa nne. Hayo yanatosha kuhusu ukumbi.

Saa mbili na nusu wakapanda watu saba. Drams, gitaa la besi, la rizimu, la solo, kinanda, waimbaji wawili. Mashati ya kitenge ambayo kila mmoja alishona kwa fundi wake na kwa mwaka wake. MC akawatangaza kwa maik iliyokuwa ikipiga mluzi, na katika jina lao nilichodaka ni neno "bendi" peke yake. Jukwaa lenyewe lilikuwa kubwa, ila robo tatu ilishachukuliwa na ngazi na majukwaa madogo ya madansa wa staa, yamefunikwa kitambaa cheusi, haruhusiwi mtu kugusa. Wao wakabanwa ukingoni. Mpiga drams goti lake moja lilikuwa limeegemea spika.

Sasa kuna jambo ambalo mtu asiyewahi kupanda jukwaani halioni. Bendi ya kusindikiza haipewi sauti yote. Fundi mitambo huwa wa staa, na kazi yake mojawapo, ambayo hakuna anayeisema, ni kuhakikisha staa akipanda watu wahisi kitu kimefunguka. Kwa hiyo wa mwanzo hupigishwa muziki kwa nusu ya vyombo. Nilijua limetokea kwa sababu wimbo wa kwanza besi haikusikika kabisa, nilimwona kijana anatikisa vidole tu. Nikasogea hadi kwenye lile spika kubwa la chini upande wa kushoto, nikaliwekea kiganja. Kimya, kama jokofu lililokatiwa umeme. Walikuwa wanapigia zile ndogo za juu peke yake.

Mimi enzi zangu ningenuna. Ningeongeza sauti kwenye kikuzio changu, yaani amplifaya, solo naye angeongeza, mwimbaji angepasua koo, na ndani ya dakika tano tungekuwa tunapigizana kelele. Nimeyafanya hayo, tena mara nyingi, na ndiyo maana leo nauza vipuri.

Yule kijana wa besi, sidhani kama amefikisha miaka thelathini, akafanya kitu nilichokiangalia mdomo wazi. Ubeti wa pili akapandisha mkono wa kushoto juu ya shingo ya gitaa, kwenye noti nyembamba, akausogeza wa kulia nyuma karibu kabisa na daraja, akaanza kupiga noti fupi, kavu, zisizobaki hewani. Sauti nene ilikuwa haina pa kutokea, basi akaiacha. Akaenda kutafuta ile inayoweza kupita kwenye spika ndogo. Ikapita! Mtu wa rizimu akamtupia jicho, akaelewa, akapunguza nusu ya anavyopiga ili kumwachia nafasi. Mpiga drams akaacha zile sahani kubwa, akabaki na sahani pacha ya mguuni na ngoma moja. Hakuna aliyesema neno. Ndani ya ubeti mmoja watu saba walikuwa wameupanga upya muziki wao kwa vipimo vya spika walizopewa.

Binti yangu, aliyekuwa ameinamia simu tangu tukae, akainua kichwa. "Baba, hawa ni nani?"

Nikamwambia ni hao wengineo.

Wimbo wa tatu ulikuwa dansi la kizamani kwa mpangilio: mwanzo taratibu, maneno yanasikika, kiitikio cha sauti mbili, halafu mlango unafunguliwa mnaingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea. Mlango ulipofunguliwa tu, uzi wa kwanza wa solo ukakatika. Niliuona ukimrudi usoni. Kwa mpiga solo huo ndio uzi wa kulia chakula. Kijana wa rizimu hakusubiri kuambiwa, akaushika ule mstari wa solo pale pale ulipodondokea, akaupiga huku kidole gumba kikiendelea na kazi yake ya rizimu, amekunja uso kama anayebeba ndoo mbili. Mwimbaji mmoja akashuka kwenye sakafu, akaanza kusalimia watu mezani, "mzee wa raba nyeupe pale, heshima yako", ndio mimi huyo, na mimi nikainuka kumtuza elfu tano ambayo sikuwa nimepanga kuitoa. Nyuma yake mwenye solo amepiga goti anafunga uzi mpya. Aliporudi, akaingia kwa noti moja tu, ndefu, anaukaza uzi huku noti inalia hadi ikakaa sawa. Wahudumu wa baa waliacha kuhudumia. Mchoma mishikaki alitoka kwenye moshi wake akasimama mlangoni na kibanio mkononi.

Neno "kusindikiza" huwa linanichekesha. Mgeni husindikizwa hadi njia panda, halafu msindikizaji anarudi zake. Dansi letu halikuwa na tabia hiyo. Msondo na Sikinde, bendi mbili kongwe za Dar es Salaam, walipokutana lilikuwa pambano, hakukuwa na wa kufungua wala wa kufunga kwa heshima: anapiga huyu, anapokea yule, na ukumbi ndio mwamuzi. Msondo ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, Sikinde 1978 kama Mlimani Park, na mwimbaji Muhidin Gurumo aliimba kote kuwili, kwa hiyo mashabiki walikuwa na sababu za kutosha za kutosalimiana. Ukizidiwa sauti pale, umezidiwa na mwenzako. Fundi wa mtu hahusiki.

Ila nisiwadanganye kwamba mkali siku zote huonekana. Mwaka 1967 mpiga gitaa Jimi Hendrix mwenyewe aliwekwa kuwafungulia The Monkees, bendi iliyopendwa na mabinti, kule Marekani. Mabinti waliokuja kwa ajili ya Monkees hawakuwa na habari naye, na baada ya shoo chache akajitoa kwenye ziara. Na Jumamosi hii, waliowaona wale vijana saba tulikuwa labda watu mia. Walipiga nyimbo sita, MC akawakata katikati ya wa saba kwa kuwasha muziki wa DJ juu yao. Mwimbaji aliinama kushukuru huku wimbo wa mtu mwingine ukimpigia makofi.

Staa alipanda saa saba kasoro dakika kumi. Ukumbi ulikuwa umejaa hadi ngazini. Spika za chini zikafunguliwa, na kweli kifua kilitikisika, taa nzuri, na madansa sita wale wanajua kazi yao, yule dada wa kulia hasa, angeweza kubeba shoo peke yake. Staa mwenyewe alikuja na kompyuta. Wimbo wa pili, ule ambao hata mimi naujua kwa sababu unapigwa dukani kila siku, akatuelekezea maik tuimbe. Tukaimba. Na sauti yake ikaendelea kuimba pamoja nasi, safi, na pumzi zake zote, wakati mdomo wake unatabasamu. Binti aliniangalia haraka haraka kuona kama nimegundua. Nikajifanya nakunywa soda. Dakika thelathini na tano, akaaga, akaondoka na walinzi wanne.

Nje, kwenye maegesho, niliwakuta wale vijana wanapakia ngoma kwenye kirikuu. Wa besi alikuwa amekaa juu ya kikuzio anakula chipsi mayai kwenye mfuko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bendi yenu inaitwaje?"

Akacheka. Jina, alisema, ni la mwenye vyombo, na vyombo vya leo si vyake, wameazima kwa bendi ya kanisa, kwa hiyo leo walikuja bila jina, na hata MC walimwambia ataje chochote. Nikamuuliza kuhusu spika za chini. Akasema aligundua wakati wanajaribu mitambo jioni, akamfuata fundi, fundi akamwambia zina hitilafu.

"Zikapona saa saba," nikasema.

"Zikapona, mzee."

Binti akamwomba namba ya simu ya bendi. Hawana. Akamwandikia kwenye mgongo wa tiketi yetu mahali: Tandika, baa ya nyuma ya soko, kila Jumapili kuanzia saa mbili usiku, kiingilio kinywaji chako. Mashati ya kitenge mtayajua. Mimi nitakuwa meza ya upande wa besi, na safari hii binti ndiye anayelipa soda.