Kopo la washa la fundi baiskeli: nilipata hela ya Tabora, wakaipiga msasa

Nimekaa na hasira hii ya sarafu yangu ya zamani kupigwa msasa siku kadhaa nikisubiri ipoe ndiyo niandike. Haijapoa, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo.

Wanaotafuta sarafu za zamani za huku kwetu wanaijua shida yake. Kwenye meza za vinyago zimejaa bandia za kumimina. Ukipitisha ukucha pembeni unakutana na mshono, uso umejaa vitundu vidogo vidogo, na ile ya dhahabu ya 1916 yenye tembo utaletewa tatu kwa mpigo, zote zina mkwaruzo uleule mahali palepale. Meza hizo nilishaachana nazo. Sarafu za kweli nimekuwa nikizipata kwa watu ambao hawauzi sarafu. Mwaka juzi nilizikuta kwa fundi cherehani, alizishonea kwenye pindo la pazia ili lisipeperuke. Safari hii ilikuwa kwa fundi baiskeli.

Nilipeleka baiskeli ya mwanangu, keria inagonga kila akipita kwenye bonde. Kibanda ni cha mzee mmoja mtulivu sana. Nilimwamkia, akaitikia, akapindua baiskeli na kuanza kazi bila maneno mengi. Bolti ya keria ilikuwa imepoteza washa. Akaingiza mkono kwenye kopo la bati, akapapasa, akatoa washa moja, akaivalisha kwenye bolti na kuanza kukaza nati. Mimi nimesimama pale juu yake, nikaona ile washa ina maandishi.

"Mzee, samahani. Hiyo umevalisha nini?"

"Washa."

"Hiyo si senti kumi?"

"Ni washa nzuri kuliko za dukani," akasema, akaendelea kukaza. "Hii haioti kutu."

Na ni kweli haioti kutu, ni shaba. Nikamwomba nilione kopo. Hakuniuliza la nini. Alitandika gunia chini akalimimina lote: nati, vipande vya spoku, mipira ya vali, golori, na katikati yake senti zenye tundu, moja moja, tano tano, kumi kumi. Nilipiga magoti palepale na gauni langu la kazini.

Nieleze kidogo kwa ambao hawajawahi kuzishika. Senti hizi za Afrika Mashariki zilitumika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na tundu lake la katikati lilifanya mtu aweze kuzitunga kwenye kamba na kutembea nazo. Nilikuta za 1942, za 1951, nikakuta ya 1964 ambayo haina tena jina la mfalme wala malkia. Halafu nikaikuta senti kumi ya 1936 yenye jina la EDWARDVS VIII. Huyo ni mfalme wa Uingereza aliyekaa kwenye kiti tangu Januari mpaka Desemba mwaka huohuo, akakiacha. Kwao hakuwahi kutoka kwenye sarafu za kutumia madukani, maana kule kichwa cha mfalme lazima kichongwe kwanza na muda haukutosha. Za kwetu hazikuwa na kichwa, zina tundu, kwa hiyo jina lake likabadilishwa tu na kazi ikaendelea. Si sarafu adimu, zilitengenezwa nyingi. Lakini kuiona kwenye kopo la washa, ina grisi, ina herufi KN ya kiwanda cha Kings Norton pale chini, mwili ulinisisimka.

Na bado hilo silo lililonileta hapa.

Chini kabisa ya lile gunia kulikuwa na moja isiyo na tundu. Nyeusi, ya kahawia pembeni, imekolea kama mpini wa jembe ulioshikwa miaka mingi. Taji upande mmoja na 1916. Upande wa pili 20 HELLER, imezungukwa na matawi. Na herufi T.

T ni Tabora. Wajerumani waliokuwa wakitutawala walikuwa wamezibwa baharini kwenye Vita Kuu ya Kwanza, sarafu kutoka kwao haziji tena, wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha pesa. Dhahabu ya zile za tembo ilitoka mgodi wa Sekenke. Hizi za 20 walizipiga kwa shaba nyekundu na shaba ya manjano, na maganda ya mizinga yaliingia humo. Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora, kazi ikaishia hapo. Hata neno hela tunalolitamka kila siku tukiulizana unazo au huna, limetokana na hiyo heller. Nilikuwa nimeishika kwenye vidole viwili, nimeshikilia ukingo tu, naogopa hata kuipumulia.

"Hiyo haina kazi," mzee akaniambia. "Haina tundu. Nasema kila siku nitaitoboa, nasahau."

Mungu mkubwa. Kila siku anasahau!

Tulielewana bei bila shida, tena bei ya haki kabisa, mimi ndiye niliyeiongeza kidogo kwa sababu nilijua ninachokinunua na yeye hajui, na sikutaka kumdhulumu mzee wa watu. Nikalipia baiskeli na zile senti nne, pesa taslimu zikaisha. Kwa simu haikuwezekana, mtandao ulikuwa unazunguka tu, nimejaribu mpaka namba ya siri ikataka kufungiwa. Nikamwambia nitaifuata kesho, naomba asiiguse mtu. Akakata kipande cha tyubu kuukuu, akaizungushia, akafunga kwa uzi, akaiweka kwenye droo ya meza. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtoto wa sikukuu.

Kesho yake sikuweza. Mvua, na kazi. Nilirudi baada ya siku tatu hivi, au nne.

Mzee hayupo. Yupo kijana wake wa kazi. Nikajieleza, akacheka kwa furaha, akatia mkono mfukoni, akanitolea kitu kinachong'aa kama bomba jipya la sinki.

"Mama, tumekusafishia."

Nilidhani anatania. Nikamwuliza umeisafisha na nini. Akanionyesha: kile kipande cha msasa cha kukwarulia tyubu kabla ya kubandika kiraka. Kilekile. Bado kilikuwa na unga mweusi wa mpira na juu yake vumbi la manjano. Vumbi lile ndiyo ngozi ya sarafu yangu.

Sijui niseme vipi ili asiyekusanya aelewe. Ile rangi nyeusi si uchafu. Ni ngozi ambayo shaba imejiotesha yenyewe kwa miaka zaidi ya 100, na ikishatoka hairudi kwa dawa wala kwa dua. Nilitoa kioo changu cha kukuzia. Uso wote ni michirizi, imekwenda upande mmoja kama uwanja uliofagiliwa. Taji limebaki kivuli. Na hapa ndipo nilipokaribia kulia: hizi za Tabora zinatofautishwa kwa ukubwa wa taji, na kwa ncha za zile L mbili za neno HELLER, kama zimechongoka au zimejikunja, maana vyuma vya kupigia vilikuwa zaidi ya kimoja. Ndicho kitu cha kwanza mkusanyaji anachotazama. Siku ile ya kwanza nilikuwa sina kioo, nikasema nitatazama nyumbani. Sasa hakuna ncha. Hakuna cha kutazama. Sitajua kamwe nilishika ipi.

Nikamwambia kijana, kwa upole kabisa nilioweza, kwamba ameiharibu. Akaniambia bei imepanda. Imepanda mara mbili, kwa sababu imefanyiwa kazi!

"Mimi niliiacha nyeusi na niliitaka nyeusi," nikasema.

"Sasa mama kama unapenda uchafu si uchukue na kopo zima?"

Walikuwepo wateja wawili watatu wamekaa kwenye benchi. Wakacheka. Mmoja akasema watu wenye hela wana mambo. Mimi sina hela jamani, mimi ninajibana mwezi mzima ili ninunue sarafu moja, na nilisimama pale mtu mzima nikatafuta la kusema nikalikosa.

Nililipa. Najua mtaniuliza kwa nini. Nisingeweza kuiacha pale, ingetobolewa wiki hiyohiyo. Nilitoa bei ile tuliyoelewana na mzee, si senti zaidi, nikaiweka mezani na kuondoka, na kijana akanirushia neno mgongoni ambalo sitaliandika.

Kwa hiyo nilipofika nyumbani uamuzi ulikuwa umeshaiva: msiende. Msikanyage. Mtu anayechukua mali ya mteja iliyowekwa amana akaitia msasa bila kuuliza, halafu akamcheka, hafai kuachiwa hata pampu. Hivyo ndivyo nilivyokusudia kuandika, na ningeandika usiku uleule umeme ungekuwepo.

Lakini mzee alinipigia simu. Namba yangu alikuwa nayo kwa ajili ya baiskeli. Alikuwa ameambiwa yote na wale wa benchi, si na kijana. Akaniomba radhi kwa namna ya watu wazima, bila kujitetea. Halafu akasema, "Nilipoondoka nilimwambia mzigo wa mama autunze vizuri. Sasa yeye kutunza anakojua ni kusafisha." Nilinyamaza. Kwa sababu ni kweli, pale kibandani kila kinachotunzwa kinasafishwa: cheni, ekseli, rimu. Kijana ameshinda akisugua kitu cha mteja, kwa mkono wake, akitegemea nitafurahi. Alipocheka wakati ananitolea alikuwa anafurahi kweli.

Hapo nikalainika. Nikasema nitaandika tofauti, niwaambie watu waende, wamtafute mzee, maana wapi kwingine zimepona sarafu hizi? Za mabenki ziliyeyushwa, za watu zimepotea, zilizokuwa na kazi ya kufunga keria ndizo zilizobaki. Kopo lile limezitunza kuliko makabati mengi.

Kisha nikaichukua tena ile hela nikaiweka chini ya taa, na moyo ukapanda upya. Kutokujua namsamehe, hilo limeisha. Bei mara mbili je? Kile kicheko je? Mtu hahitaji kujua chochote kuhusu Tabora ili amsikilize mteja anayemwambia umenikosea. Hapo sijamsamehe bado na sitaki kujilazimisha.

Basi nendeni, ila nendeni mzee akiwepo. Bebeni pesa taslimu. Ukiona unayoitaka iondoke na wewe saa hiyohiyo, usiiache hata kama umeambiwa itakuwa salama kwenye droo, na mwambie mwenyewe kwa maneno mepesi kwamba isioshwe, isisuguliwe, isitiwe mafuta. Ikiwa na tope, iloweke kwenye maji safi, uikaushe kwa kuibonyeza na kitambaa laini bila kusugua. Kazi ya baiskeli yenyewe sina neno nayo, ni fundi hasa. Kijana mniwie radhi, kwake nampa sifuri, na kesho huenda nikampa moja.

Keria haijagonga tena. Ile senti kumi ya kwanza bado imo kwenye bolti. Jana nilichutama na tochi nisome mwaka wake, nati imeuziba, inaonekana nusu tu ya neno AFRICA. Mwanangu akaniuliza nifungue nikaione? Nikamwambia hapana, iache.